Mlango Mfupi wa Nyumba ya Nguvu

Naristan, 3 Mehr 1314

Mdogo wangu Esfandiyar,

Pokea salamu zangu, na za Murshidi Qanbar, ambaye siku hizi meno yamemwisha lakini mdomo anao uleule. Mimi ni mzima. Kitanda changu cha kufumia mahameli kinalia kuliko mimi.

Picha uliyoituma imefika. Nimeiangalia, nikaigeuza, nikaiangalia tena. Toba! Mwalimu mzima wa mazoezi, mtoto wa Pahlavani Ne'mat, umesimama hadharani Tehran na kaptula imeishia juu ya magoti! Nimeibandika nyuma ya mlango wa stoo majirani wasiione. Miguu lakini umejaliwa. Ni miguu ya baba.

Sasa sikiliza, maana sikukuandikia kwa ajili ya miguu. Juzi karani wa mkuu wa wilaya alisimama mkahawani akasoma amri. Nyumba yetu ya nguvu kuanzia sasa itaitwa klabu ya michezo. Murshidi asipige ngoma wala asiimbe. Shimo la mazoezi lifukiwe, watu wafanyie sakafuni. Wakishamaliza kila mtu aende kwake, pasiwe na kukaa, pasiwe na kuitana ndugu. Na ule mlango ubomolewe ujengwe mrefu, ili mtu aingie amesimama wima na kofia yake kichwani.

Mlango wetu, Esfandi! Mlango unaomfikia mtu kifuani! Baba alikuwa akisema mtu asiyeweza kuinama mbele ya mchukuzi asipewe kirungu mkononi, maana kesho atawapigia watu nacho. Kadhi aliinama pale. Tajiri wa mazulia aliinama, tena na lile tumbo lake. Na wakishatoka shimoni wakikaa na chai yao, nani alikuwa akisuluhisha ugomvi wa sokoni? Nani aliwalisha watoto wa yule mtia rangi alipokufa? Hicho ndicho kinachowawasha hawa watu. Wanazitaka nguvu zetu, ila udugu wetu unawanyima usingizi.

Mimi humo ndani sijaingia hata siku moja, na unajua mwanamke haingii. Lakini ukuta wetu na wao ni mmoja, na kutoka juu ya paa letu ninaweza kuchungulia kwenye lile tundu la kuba linaloingizia mwanga. Nimekulia kando ya tundu hilo. Kila alfajiri najua nani kachelewa na nani anahema vibaya.

Wewe umekaa na wakubwa huko. Waambie waiache nyumba ya baba yako. Usinijibu kwa maneno ya magazeti.

Dada yako,
Golandam


Tehran, 15 Mehr 1314

Dada yangu mpendwa Golandam,

Barua yako nimeisoma nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Nashukuru kwa habari za miguu yangu.

Naomba unisikilize bila hasira, kama inawezekana. Ungeuona ukumbi wetu huku ungeelewa. Una madirisha mapana, vyuma vya kunyanyua vilivyotoka Ujerumani, kila kimoja kimeandikwa uzito wake. Kijana anaingia akiwa mnyonge, baada ya miezi michache kifua kimempanuka, na hakuna aliyemwimbia wala kumpigia ngoma. Virungu vyetu na ngao zetu ni mazoezi mazuri sana, hata wageni wanasifu. Lakini nguvu ni msuli, dada. Msuli haujui udugu. Ukiondoa moshi, nyimbo na kuinamainama kule, kinachobaki ni kile kilichofaa tangu mwanzo.

Nchi nzima inasimama wima sasa. Kwa nini mtaa wetu peke yake uingie ndani umepinda mgongo?

Nitajaribu kuzungumza na wahusika, ingawa siahidi. Nasikia mkaguzi atakayetumwa huko ni mtu muungwana na mwenye elimu. Waambie ndugu, yaani wanachama, wasimletee vurugu.

Halafu nilitaka kuuliza. Yule Barat mchukuzi bado ndiye mkubwa wa shimo? Bega lake la kulia bado zima?

Ndugu yako,
Esfandiyar


Naristan, 28 Mehr 1314

Ewe Mheshimiwa wa Madirisha Mapana,

Nilikuambia usinijibu kwa maneno ya magazeti, ukanijibu kwa maneno ya gazeti la juzi.

Kwanza nikujibu la Barat. Yu mzima, bado ndiye mkubwa wa shimo, na bado anabeba magunia ya watu sokoni tangu asubuhi hadi jua linazama. Ana watoto wanne sasa. Bega lake la nini kwako? Miaka saba imepita tangu akuangushe, na hujapata kumtaja kwa jina hata mara moja. Leo unauliza habari za bega! Hebu niambie vizuri, mdogo wangu.

Mimi siku ile niliiona yote kutoka juu. Niliona alivyokukamata, na niliona ulivyogeuza macho kumtazama baba. Shuka lilikuwa begani kwake. Sheria ya nyumba unaijua kuliko mimi: mkubwa akirusha shuka katikati ya wanaopigana, mieleka imekwisha hapohapo, hakuna mshindi, wanabusiana mabega na hakuna anayeruhusiwa kuuliza kwa nini. Baba hakulirusha. Ukaanguka, mtulinga ukavunjika, na ulipopona ukapanda gari la Tehran. Hayo najua. Ila mlango umekukosea nini?

Sasa sikia vituko. Wiki iliyopita askari walikuja wakaichukua ngoma ya Murshidi. Mzee wa watu kakaa pale kwenye jukwaa lake mikono mitupu, analia kama mtoto aliyenyang'anywa titi. Wanaume wamesimama shimoni na virungu vyao begani, hawajui waanzie wapi. Wanatazamana tu! Mimi niko juu naanika kunde. Nikaona hapana, haiwezekani. Nikachukua beseni langu la shaba, lile kubwa la kufulia, nikaketi kando ya tundu, nikaanza kupiga.

Barat akasema kwa sauti, "Ya Ali!" na virungu vikaanza kuzunguka. Nilipiga ule mpigo wa polepole, kisha wa haraka, kisha ule wa kuzunguka kama pia. Nilikosea mara moja tu. Murshidi akapiga kelele kutoka chini, "Bibi, hapo umekimbia! Kwani umeacha chungu jikoni?"

Karani amekuja kunigombeza. Nikamwambia amri yako inasema murshidi asipige ngoma. Haikusema mjane asifue nguo zake. Akaniuliza, nguo gani zinafuliwa kwa mpigo? Nikamwambia zako hazifuliwi hivyo ndiyo maana zimefubaa.

Tangu siku hiyo napiga kila alfajiri. Huyo mkaguzi wenu muungwana akija nitamwagia maji ya majivu juu ya kofia yake. Umeonana naye? Yukoje?

Golandam


Tehran, 6 Aban 1314

Dada,

Naandika kwa haraka. Tafadhali acha hilo beseni. Huku habari zimefika, na watu ofisini wanacheka, lakini hawachekei jambo zuri.

Mkaguzi atafika tarehe 20 pamoja na mkuu wa wilaya. Usiwe juu ya paa siku hiyo. Usimmwagie mtu maji kabla hujajua ni nani. Mkuu wa wilaya hana mzaha. Nyumba ikigoma, Barat na wenzake watapelekwa kuvunja mawe kwenye njia ya reli, na huko watu hawarudi na mabega yao. Si maneno ya magazeti haya. Nimeliona jina la Barat kwenye orodha kwa macho yangu.

Kama maisha ya hapo yamekuwa magumu, njoo ukae kwangu. Kuna chumba, na jua linaingia.

Esfandiyar


Naristan, 12 Aban 1314

Mdogo wangu,

Chumba chenye jua ninacho hapahapa, na tundu la kuba juu yake.

Barua yako nimewasomea Murshidi na Barat, wao wakiwa uchochoroni na mimi dirishani. Pale kwenye kuvunja mawe Barat akasema, "Magunia au mawe, vyote vinabebwa." Lakini nilimwona alivyomtazama mwanawe mdogo aliyekuwa anacheza na kokwa za aprikoti kavu. Nikakasirika.

Ndipo Murshidi akakumbuka sheria ya kale ya nyumba. Mtu yeyote anayetaka kuigeuza nyumba, awe mjumbe wa mfalme au mwizi, kwanza ashuke shimoni apigane mieleka na mkubwa wake. Akishinda, ndugu wenyewe watashika nyundo. Akishindwa, anaondoka na nyumba inabaki ilivyo. Baba alifanya hivyo na afisa mmoja zamani, mimi nikiwa mtoto, na yule afisa alitoka pale amebebwa kwenye zulia.

Tukapeleka maneno hayo kwa mkuu wa wilaya. Unajua alivyo, anapenda kushindanisha hata majogoo. Alicheka akapiga paja. Akasema mkaguzi anayekuja ndiye mtu mwenye nguvu kuliko wote waliotoka kwenye ukumbi wa Tehran, kwa hiyo iwe. Amekubali mbele ya mashahidi, na Kurani ilikuwapo mezani. Barat akishinda, mlango unabaki, shimo linabaki, ngoma inarudi, na jina lake linafutwa kwenye mambo ya reli. Akishindwa, tunabomoa wenyewe.

Basi nisaidie hapo tu. Mkaguzi huyo anaanza na mkono gani? Ana maumivu yoyote? Mtulinga wake, kwa mfano, unamsumbua siku za baridi?

Kula vizuri. Hapa baridi imeanza, watu wanakula tanipu za kuchemsha.

Dada yako, asiye mjinga,
Golandam


Tehran, 17 Aban 1314

Dada Golandam,

Mkaguzi ni mimi.

Mapendekezo ya mlango niliyaandika mimi, na ya shimo pia. Sikulazimishwa na mtu. Niliingia kwenye mlango ule tangu nikiwa na miaka tisa nikiinama kwa wachinjaji, kwa wachukuzi, kwa kila mtu, nikaambiwa huo ndio uungwana. Siku niliyohitaji uungwana huo, baba yangu mwenyewe alikuwa nao begani akaniangalia tu. Hebu niambie nilikuwa nainamia nini miaka yote hiyo?

Nitashuka shimoni. Sikuomba jambo hili, lakini silikimbii. Safari hii sitatazama juu kumtafuta mtu. Jina la Barat kwenye reli nitalishughulikia mwenyewe nikishashinda, hilo naapa.

Naomba usipande paani.

Esfandiyar


Naristan, 23 Aban 1314

Esfandi,

Barua yako ya "mkaguzi ni mimi" imefika leo asubuhi, siku tatu baada ya mkaguzi mwenyewe kuja na kuondoka. Mimi nilishajua tangu ulipouliza habari za bega. Nani Tehran nzima atauliza bega la mchukuzi wa Naristan?

Umepita mbele ya mlango wangu ndani ya gari la serikali, hukushuka hata kuomba maji. Hilo limeniuma na nakwambia wazi. Nilikuwa nimepika supu ya dengu. Nimeila peke yangu nikiilaani kila kijiko.

Sasa nikueleze uliyoyafanya, maana wewe ulikuwa chini na mimi nilikuwa juu. Ndiyo, nilipanda. Ulidhani nitakaa ndani nikichambua dengu?

Nilikuona uchochoroni. Mkuu wa wilaya alifika mlangoni akasimama. Akauangalia ule mlango, akaangalia watu walivyojaa. Kuinama mbele ya wachukuzi hataki, na kurudi nyuma ni aibu. Basi akageuka, akaingia kinyumenyume, matako mbele! Alidhani kwa njia hiyo hatainama. Mtaa mzima ulimwona akimwinamia punda wa muuza tanipu, na kofia yake ikaanguka, na punda akainusa. Nilijiziba mdomo kwa ncha ya ushungi.

Kisha ukaja wewe. Ulitaka kuingia na shingo ngumu, nilikuona ulivyoikaza. Lakini mwili wako ulikutangulia. Uliinama, ukagusa kizingiti kwa vidole, ukavibusu. Ulifanya hivyo kabla hujakumbuka kwamba umeacha. Mimi nilikuona, na Murshidi alikuona. Mkono wake uliisogelea kengele ya heshima iliyo juu ya jukwaa lake, akaurudisha.

Mlipokamatana nilipiga beseni. Nikiri jambo moja: nilipiga kwa ajili yenu wote wawili, sikuweza kuchagua. Umekuwa na nguvu, Esfandi. Vyuma vya Ujerumani vimefanya kazi yake. Barat alikushika mara mbili ukachomoka kama samaki. Halafu ukampata mkono. Ukaupeleka nyuma ya mgongo, ukaupandisha, na bega likaanza kwenda mahali ambapo bega halifai kwenda. Barat hakupiga kelele. Aliuma meno tu. Mkuu wa wilaya alikuwa amesimama kwenye ukingo wa shimo anapayuka, "Vunja! Vunja!"

Na wewe ulikuwa unavunja. Niliuona uso wako, ule uso sikuujua. Watoto wanne wanakula kwa bega lile.

Shuka la baba nilikuwa nimelivaa shingoni tangu asubuhi. Usiniulize kwa nini nilikwenda nalo juu. Nililitupa kwenye tundu.

Lilichukua muda kushuka. Lilifunguka lenyewe hewani, likatua juu ya kichwa chako na bega la Barat, vikafunikwa vyote viwili. Wote wakatazama juu, wakaona mkono wangu. Mkuu wa wilaya akapiga kelele, "Nani huyo? Mwanamke? Hii haihesabiki! Endeleeni!" Nilidhani Murshidi atasema vilevile. Mwanamke hajawahi kulirusha, tangu dunia iumbwe. Lakini mzee alinyoosha mkono akapiga kengele. Akaipiga kama anavyowapigia pahlavani, mabingwa wenyewe, wakiingia.

Na wewe, mdogo wangu, ulimwachia. Ukasimama, jasho linakutoka, ukamwambia yule mtu mkubwa usoni: "Shuka limeanguka, Mheshimiwa." Ukambusu Barat begani, bega lilelile.

Nililia. Hayo maneno yako nimeyasikia kichwani siku tatu mfululizo. Lakini ulipotoka hukuinua macho. Na sasa hakuna aliyeshinda, mlango hauna hukumu, na kalamu unayo wewe. Utaandika nini?

Golandam


Tehran, 5 Azar 1314

Golandam,

Nilikuwa nimemshinda. Wewe unajua, yeye anajua, hata yule punda anajua. Miaka saba nimenyanyua chuma kila siku kwa ajili ya pumzi ile moja iliyokuwa imebaki, na wewe ukaniangushia kitambaa kichwani.

Nilipoona giza na kusikia harufu ya baba ndani ya lile shuka, harufu ya tumbaku na ngozi, nilidhani yeye ndiye aliyelirusha. Kwa muda mfupi kabisa nilidhani hivyo. Kisha nikakumbuka kwamba amekufa, na kwamba wakati mimi ndiye niliyekuwa chini, hakuna aliyerusha kitu. Kwa Barat limeanguka. Kwangu halikuanguka. Hilo nalimeza vipi, nifundishe wewe mwenye majibu.

Wananitaka niandike kwamba mkaguzi alishinda na kwamba ndugu wamekubali kubomoa. Mkuu wa wilaya ameshatia saini upande wake. Pamebaki pa kwangu. Kila asubuhi mkubwa wangu ananiuliza kama nimemaliza, naye anautazama mlango wa ofisi ili nielewe ninakopelekwa.

Sijaandika.

Esfandiyar


Naristan, 19 Azar 1314

Mdogo wangu wa pekee,

Lile shuka halikuwa la Barat. Nimelirusha kwa ajili yako, mpumbavu wee! Bega lake lingevunjika lingepona vibaya, sawa, na ndugu wangewalisha watoto wake kama tulivyowalisha wengine. Lakini wewe ungekaa na mlio wa lile bega masikioni hadi siku unaingia kaburini. Nimemwona baba akiishi na mlio wa mtulinga wako. Unadhani alikuacha kwa ukali? Alikuwa ameshalishika shuka. Alikuwa anangoja ujichomoe mwenyewe, kwa sababu aliamini utaweza, akangoja mno. Baada ya siku ile hakushuka tena shimoni. Aliniachia shuka mimi, si Murshidi wala si Barat, akaniambia, "Mimi nilichelewa." Basi. Ningekuambia mapema, lakini ulikuwa hutaki kusikia jina lake kwenye barua.

Sasa habari, na ukae vizuri.

Hawakukusubiri. Mkuu wa wilaya, kwa hasira ya punda, alileta waashi na askari Jumatatu ya wiki iliyopita. Wameubomoa mlango. Wamejenga mwingine mrefu, mpana, hata ngamia aliyepakiwa anapita. Na mikokoteni ya udongo ikaja, wakalifukia shimo mpaka juu. Barat hawakumpeleka reli, maana mashahidi wa ile Kurani walisimama wakasema hakushindwa, hata kadhi alisimama. Lakini mlango umekwenda. Nilikaa kizingitini asubuhi ile nikasema hapigi mtu nyundo hapa, na askari wawili wakaninyanyua pamoja na kiti. Nilimng'ata mmoja.

Walipomaliza, kesho yake alfajiri nilipanda na beseni langu nikijua sina wa kumpigia. Nikasema basi nitapiga hivyohivyo wasikie kwamba tupo.

Wakaja, Esfandi. Mmojammoja uchochoroni kwenye baridi. Na kila mtu alipofika kwenye ule mlango mrefu wa serikali, aliinama. Waliinama palepale pa zamani, kimo kilekile, kifuani, ingawa juu yao kulikuwa na hewa tupu. Barat aliinama. Tajiri wa mazulia aliinama na tumbo lake. Wakagusa kizingiti, wakavibusu vidole. Askari aliyewekwa kulinda akauliza, "Mnainamia nini? Mlango si umepandishwa?" Murshidi akamjibu, "Mlango umepandishwa. Migongo yetu umeileta nyundo ya kuipandisha?" Yule askari, yule niliyemng'ata, alipoingia kukagua nilimwona naye anapunguza kichwa. Aliona aibu kusimama wima peke yake.

Na shimo je? Hilo ndilo tamu. Si wamelazimisha kila mwanaume avae kofia ya ukingo? Basi zimepata kazi. Kila mtu akimaliza mazoezi sakafuni, kama walivyoamriwa, anachota udongo kofia moja, anatoka nao kichwani, anaumwaga kwenye bustani ya komamanga ya marehemu mume wangu. Askari amekaa mlangoni anawasalimu. Hajui kwa nini watu wa mtaa huu wanatembea shingo ngumu siku hizi. Shimo limeshafika magotini. Komamanga zangu zitakuwa kubwa mwakani.

Kwa hiyo andika unachotaka, au usiandike. Nyumba hatukupi wewe uiokoe, tumeshaishika. Ninachotaka kwako ni kingine. Nataka kujua wewe ni nani ukiwa hujavaa kofia yao.

Supu ya dengu ninayo.

Dada yako,
Golandam


Tehran, 27 Azar 1314

Dada yangu mkubwa,

Nimewaandikia. Niliandika mstari mmoja: "Shuka lilianguka, hakuna aliyeshinda, nyumba haikukubali." Mkubwa wangu alisoma, akaniuliza shuka ni nini. Nikamwambia kama hujui huwezi kukagua nyumba ya nguvu. Hakupenda. Kufika mchana meza yangu ilikuwa na mtu mwingine.

Ukumbi wa vyuma nimeuaga. Kijana mmoja aliniuliza kwa nini nilikuwa nalia nikikunja kaptula. Nilimwambia msuli haujui udugu, ila mimi naujua. Alidhani nimelewa.

Kofia ninayo moja, na imebaki nzima. Nakuja nayo. Waambie waniachie udongo kidogo.

Barua yako kuhusu baba nimeisoma mpaka karatasi imelainika. Neno langu juu yake siliandiki hapa. Nitakuja kulisema pale pale alipokuwa akisimama.

Nafika Alhamisi alfajiri na gari la mizigo. Naomba uwe juu ya paa. Nitasimama mbele ya mlango wao mrefu, na nitainama kimo cha ule wa zamani, mbele ya Barat na wote. Ila nimekaa mbali miaka saba, na safari ile niliinama bila kufikiri. Safari hii nitakuwa nafikiri, na nina hofu nitakosea.

Nikikosea kimo, piga beseni.

Mdogo wako,
Esfandi